Mafaili Hayatumwi kwa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Julai 2005

Nimeshindwa kura! Tisa kwa sita. Uso utakaokaa kwenye chupa za mafuta ya alizeti ya kikundi chetu cha Tusichoke ni wa Severina. Si wangu. Severina mwenyekiti, mwenye sura kama kiazi kilichosahaulika uvunguni. Nampenda, lakini ukweli hauna shoga.

Yote haya yameletwa na semina. Siku hizi nchi nzima iko kwenye semina. Zamani mafuta yalikuwa mafuta. Unaonja, unachukua. Sasa ni soko huria, na bwana wa mradi mwenye tai ametufundisha siku mbili kwamba mnunuzi hanunui mafuta, ananunua uso. Nikamuuliza mbona yeye mchana alikula kuku wangu, uso wangu akauacha. Akaandika kwenye daftari lake. Yaani ameandika!

Mradi huohuo ndio uliotupa kompyuta ya mezani. Inakaa sebuleni kwangu, maana nina umeme na simu ya waya aliyoiacha marehemu mume wangu. Nimeifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, chekundu, chenye tausi wawili. Severina ana uenyekiti. Mimi nina umeme. Tutaona.

Anayeiendesha ni mjukuu wangu Anifa, katibu wa kikundi. Kasoma. Mimi shule sikuiona hata mlango. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mwaka sabini na nne, ndani ya ghala la ushirika, huku panya wakitupita miguuni. Kiswahili nasoma chote. Kiingereza najua maneno mawili: Yes na No. Hilo la pili sijawahi kulitumia.

Kwa nini nautaka uso wangu kwenye chupa? Sitaandika.

Jumanne, 5 Julai

Lebo itachapwa Dar na Abdulrazaki, mtoto wa shemeji yangu. Mtoto mzuri. Ametengeneza lebo yenyewe: jina la kikundi, ua la alizeti, anwani yetu S.L.P. 417 Singida, na katikati duara tupu lenye maneno WEKA PICHA HAPA. Ameiweka ndani ya kompyuta yake kubwa hukohuko Dar. Wanaiita seva. Anifa kaichukua huko kwa njia ya simu, katia uso wa Severina kwenye duara, sasa inatakiwa irudi palepale ilipotoka. Mwisho Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Tukichelewa, chupa zinakwenda maonyesho ya Nane Nane Dodoma zikiwa uchi.

Hilo sanduku la posta ni letu, la marehemu, tangu sabini na moja. Severina alitaka tuandike la parokia. Nikasema sawa, na kompyuta ikakae parokiani. Akakohoa, akaendelea na ajenda nyingine.

Anifa kajaribu kuituma kwa barua pepe. Imekataa. Mzigo mzito. Ni kama punda wa kule Ulemo, ukimzidishia anakaa chini na kukutazama. Anifa anasema hii kazi ina programu zake hasa, za kuhamisha mafaili. Zina madirisha mawili, unashika faili kwa kipanya, unalivuta kutoka dirisha hili kwenda lile, basi. Ila tutafute ya kuaminika, maana laini ya simu yetu inakatika hata chafya ikipigwa.

Severina kaitisha kikao. Kikao kimeunda kamati ya kuchagua programu. Wajumbe: Severina, Anifa, na mimi. Severina hajui programu inaliwa au inavaliwa. Kamati imeshakunywa soda.

Alhamisi, 7 Julai. Saba Saba

Alphonce, fundi kompyuta wa karibu na stendi, kaleta sidii yenye programu tatu. Majina yake ni ya Kiingereza tupu. Mimi nimezipa majina kwa picha zake: Yenye Ndoo, Yenye Ngamia, Yenye Daraja.

Alphonce anaapa Ndoo ndiyo bora. Anasema Wazungu wote wanaitumia. Kwa Alphonce kila kitu Wazungu wote wanakitumia, hata ile soksi aliyofungia waya.

Tumeijaribu kwa picha ya jogoo wangu, yule mwekundu mkorofi. Laini ikakatika njiani. Ndoo ikaanza upya, tangu mwanzo! Ikakatika. Upya! Mara nne. Ya tano ikajitangaza imemaliza. Nikampigia Abdulrazaki. Shikamoo mama mkubwa, marahaba, umepata jogoo? Akasema kapata upanga wa kichwani na shingo. Chini ya hapo kijivu.

Nusu jogoo! Ndoo imetoboka. Nilimwambia Alphonce hivyo. Akajibu kwamba tatizo ni jogoo, ana rangi nyingi.

Ijumaa, 8 Julai

Leo Ngamia. Kila ukiifungua inakuomba uinunue kwanza. Ukikataa, inakubali, halafu inarudi kuomba, kama mgeni anayeaga huku anakaa. Lakini jogoo alifika Dar mzima, mpaka kucha. Anifa akafurahi.

Mimi nikatazama kioo. Jogoo bado yupo kwetu! Nikasema hapa hakuna kilichohama. Anifa akasema kafika Dar, bibi, Abdulrazaki kathibitisha. Nikamwambia mwalimu Gaspari alipopewa uhamisho kwenda Mitundu, aliondoka na godoro, mke, na mabata yake. Asubuhi hatukumkuta Singida anakunywa chai. Huo ndio uhamisho. Hii mashine inatudanganya.

Severina akaniunga mkono! Mara ya kwanza tangu mwaka wa ukame. Akasema hata serikalini mtu akiwa vituo viwili anaitwa mtumishi hewa. Kura: wawili dhidi ya mmoja. Ngamia katupwa.

Anifa aliweka paji la uso juu ya meza, akabaki hivyo. Hajala vizuri, mtoto huyu. Nikampa uji wa uwele wenye karanga, nikasimama juu yake mpaka kikombe kikaisha.

Jumapili, 10 Julai

Severina katoka kanisani, kaja moja kwa moja. Daraja imejaribiwa. Laini ilikatika mara tatu, na kila iliporudi Daraja iliendelea palepale ilipoishia. Kama mwanamke aliyeitwa nje akiwa kwenye jiwe la kusagia, akirudi anashika konzi ileile. Hiyo ndiyo kazi! Jogoo mzima, Dar.

Kuhusu kuhama, Anifa katueleza kwa kutumia karatasi nyeusi ya kunakilia. Unaandika juu, na chini inaandikika. Zote zinafanya hivyo, Ngamia pia. Severina akasema alijua tangu mwanzo. Alijua!

Lakini nimeona kasoro kubwa, na nimeitaja. Dirisha letu liko kushoto. Dirisha la Dar liko kulia. Kutuma kitu ni lazima ukitoe kushoto. Nikauliza: Abdulrazaki anayenipa shikamoo, mimi nimpe kitu kwa mkono wa kushoto? Mkono wa kushoto una kazi yake, na haifanyiki mezani. Severina naye akasema mama yake alikuwa akikuona unatoa chumvi kwa kushoto, anakupiga mwiko. Anifa akasema hiyo ni pande tu za kioo, si mikono. Alphonce akaulizwa kama anaweza kugeuza. Akasema labda tuigeuze meza.

Tumeipitisha Daraja. Kwenye muhtasari Anifa kaandika, kwa kulazimishwa: "Bi Sijaona hakuridhika na mkono."

Goti la Severina limevimba tena. Nimemkanda kwa chumvi ya moto, nimempikia mlenda na ugali wa mtama. Akasinzia kwenye kiti changu. Nikamtazama. Ni uso mzuri, kwa kweli, ukifunga mdomo. Kesho naanza kuupindua.

Jumatatu, 11 Julai

Nimekwenda studio, nimepiga picha ya pasipoti. Mpigapicha akaniambia nitabasamu kidogo. Nikamwambia mwanangu hajawahi kuniona nikitabasamu, hatanijua.

Haya. Nimeshaandika. Basi niandike lote.

Mwanangu Abdulhamidi, baba yake Anifa, aliuza baiskeli ya marehemu baba yake ili apate nauli ya kwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Mwaka tisini na tatu. Nikasimama mlangoni nikamwambia asinionyeshe uso wake tena. Akatii. Katika maisha yake yote alinitii mara moja tu, na ikawa hiyo!

Miaka kumi na miwili. Nimeuliza madereva wa malori, nimeuliza masheikh, nimeuliza mpaka mchawi mmoja aliyeletwa na Alphonce, kumbe ni redio tu yenye waya mrefu. Hakuna. Watu waliokuwa wakiniita Mama Hamidi wakaacha polepole, kwa huruma, wakarudi kwenye jina langu la kuzaliwa. Sijaona. Na kweli sijaona.

Sasa fikiria: chupa zinakwenda Dodoma, na kutoka Dodoma kila mahali. Mafuta yanafika ambako mama hafiki. Siku moja yuko dukani, anageuka, huyu hapa mama yake rafuni! Atajua mlango uko wazi. Akiona uso wa Severina atajua nini? Atakimbia zaidi. Severina alimchapa kwa ajili ya mapera.

Kumwambia Anifa? Yeye hataki hata jina la baba yake litajwe. Tena ni katibu wa kweli. Muhtasari ukisema Severina, ni Severina.

Jumatano, 13 Julai

Mpango umeiva!

Anifa alikwenda soko la vitunguu. Alphonce akaja. Nikampa jogoo, yuleyule mwenye rangi nyingi, akiwa hai, kamfungia kwenye mfuko wa sidii zake. Akamtoa Severina kwenye duara, akanitia mimi. Jina la faili limebaki lilelile: lebo. Hakuna atakayejua.

Jamani nimependeza! Ua la alizeti juu ya kichwa changu kama kofia ya malkia.

Sasa kumwondoa Anifa. Juzi nilimtuma kondakta wa basi la Misigiri amwambie binti yangu Rahma awe mgonjwa mpaka Ijumaa. Leo majibu yamekuja kwamba Rahma ni mahututi. Nilisema mgonjwa, sikusema mahututi! Anifa kalia, kafunga mzigo, kaondoka na basi la saa nane. Roho iliniuma. Nimemfungia michembe ya viazi na kuku wa kukaanga.

Kabla ya kuondoka kaniambia nisiguse kompyuta. Atarudi Ijumaa asubuhi, atatuma mwenyewe. Nikamwambia mimi na kompyuta wapi na wapi.

Alhamisi, 14 Julai

Nimetuma! Mimi mwenyewe! Peke yangu!

Baada ya chai nilifunga mlango, nikafunua tausi, nikanawa mikono mpaka viwiko. Nikawasha. Kile kidude cha simu kikalia kama mbuzi anayeona kisu. Nikafungua Daraja kama ninavyomwona Anifa. Madirisha mawili. Kushoto kuna lebo. Kulia kuna lebo. Pande zote mbili jina moja.

Kipanya kikasimama. Mkono ukasimama. Nikajiuliza: hiki ni kitu cha kumpata mwanangu. Nikitoe kwa kushoto? Mtoto aliyeondoka kwa laana nimwite kwa mkono wa laana? Hapana, wallahi. Mtoaji anatoa kulia, mpokeaji atajijua. Nikaishika ile ya kulia. Nikaivuta taratibu, kwa adabu, mpaka upande wa pili.

Mashine ikauliza kitu kirefu kwa Kiingereza. Chini vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa Yes. Kwani mtu mwenye adabu anajibu nini? Nikabonyeza.

Laini ikakatika. Nikasema Bismillahi. Laini ikarudi, Daraja ikashika palepale. Kengele ikalia. Imekwenda!

Nikampigia Abdulrazaki. Nikamwambia lebo iko tayari kwenye seva yake, achape, asiitazametazame, uso wa mwanamke mtu mzima si senema. Akauliza kama kikundi chote kimekubali. Nikamuuliza nani alimbeba yeye mgongoni, wakati mama yake anaugua surua. Akasema ni wewe, mama mkubwa. Nikamwambia basi achape.

Ijumaa, 15 Julai

Anifa karudi amenuna. Alimkuta mahututi wetu shambani, amebeba gunia la vitunguu anaimba. Rahma hajui kuugua, tangu utoto.

Akafungua Daraja. Akaona tarehe. Akageuka polepole, akauliza kama nimetuma. Nikasema ndiyo, chama hakiwezi kumsubiri mtu mmoja. Nikajiandaa kwa vita. Akalinganisha uzito wa lebo ya kushoto na ya kulia. Sawasawa, mpaka tarakimu ya mwisho. Akasema kama uzito ni sawa, basi imefika salama. Halafu akanikumbatia! Akasema hakuna bibi mwingine Singida nzima anayeweza.

Severina kaleta boga kunipongeza. Kubwa hilo. Nilijisikia vibaya kama dakika nzima.

Jumamosi, 30 Julai

Maboksi yamefika kwa basi. Wanachama wote kumi na watano sebuleni kwangu. Mimi na kitenge kipya. Severina na kofia ya Pasaka. Vigelegele vimeshikiliwa kooni.

Severina akakata kamba.

Lebo elfu tatu. Ua la alizeti. Tusichoke. S.L.P. 417 Singida. Na katikati duara tupu.

WEKA PICHA HAPA.

Elfu tatu! Tuliangalia mpaka boksi la chini, labda tumejificha huko. Kuku akaingia, akatutazama, akatoka.

Anifa ndiye aliyeelewa kwanza. Akafungua kompyuta. Mle ndani pia duara tupu. Akaniomba kwa upole nimwonyeshe nilivyofanya ile siku. Nikamwonyesha. Kulia, vuta, kushoto, Yes. Akakaa chini kwenye mkeka. Akanieleza kwamba sikutuma kitu. Nilikwenda Dar nikaichukua ile tupu, nikaileta nyumbani, nikaifunika juu ya ile yenye sura. Ndiyo maana uzito ulikuwa sawa. Na mashine iliniuliza: nifute ya hapa? Nikaijibu ndiyo.

Mmoja akauliza, sasa kwa nini nilituma peke yangu kwa siri, na Alphonce alifuata nini hapa mpaka akaonekana akitoka na jogoo wangu? Basi yote yakatoka. Studio, jogoo, mahututi, yote.

Nilingoja Severina anipige kwa mkongojo. Akauliza tu kwa nini. Nikamwambia, mbele ya watu, mbele ya Anifa. Mlango, baiskeli, na lile neno nililosema. Anifa alikuwa anatazama ukuta.

Severina akasema ningesema. Nikasema ningesema nini, kura tisa kwa sita. Akasema mjinga wewe, kura ni kura lakini mtoto ni mtoto, ningekuachia hata chupa zenyewe. Kisha akanitukana kwa Kinyiramba. Nikamjibu kwa Kinyaturu. Hakuna aliyetafsiri.

Muda wa kuchapa upya hakuna. Tumebandika hivyohivyo. Anifa kabandika mia mbili peke yake. Jioni kaniuliza swali moja tu: baba alikuwa na ndevu? Nikamwambia alikuwa anazitamani.

Jumatano, 10 Agosti

Severina na wenzake wamerudi kutoka Dodoma. Chupa zimekwisha zote! Hata ile waliyokuwa wanaonjeshea.

Watu walidhani ni promosheni! Maana siku hizi kila kitu kina zawadi: chini ya kizibo, ndani ya sabuni, nyuma ya pakiti. Wakasoma "weka picha hapa", wakaona anwani, wakauliza: nikiweka picha nashinda nini? Severina, ambaye hajasema uongo tangu kipaimara, akajibu: Utaona. Mtu akanunua sita.

Bwana wa mradi kasema huu ni ubunifu wa hali ya juu wa masoko. Anataka tutoe semina.

Jumatatu, 29 Agosti

Karani wa posta kaniita kwa ukali. Sanduku 417 limejaa, barua zinamwagika. Tumezibeba kwa kapu.

Kapu zima ni lebo! Yaani lebo zetu, zilizobanduliwa kwenye chupa, na kwenye duara kila mtu kajibandika. Mwanamume mwenye tai. Bibi harusi. Mtoto anayelia. Askari polisi, na cheo kakitaja. Mmoja wa Manyoni kabandika mbuzi. Wote wanangoja kushinda. Severina anapendekeza kamati.

Tulikuwa tunacheka mpaka machozi, mimi, yeye na Anifa, tumekaa mkekani. Halafu nikaona Anifa hacheki. Ameshika lebo moja kwa mikono miwili.

Mwanamume. Ndevu, zimeanza kuwa nyeupe. Jino la mbele halipo. Masikio ni ya Anifa.

Chini yake kwa kalamu: "Mama, shikamoo. Ulisema nisikuonyeshe uso wangu tena. Lakini chupa yako imesema weka picha hapa. Sanduku la baba nalijua kuliko jina langu. Niko Dodoma. Nauza spea za baiskeli."

Samahani hakuandika. Spea za baiskeli! Imetosha.

Nikainuka nifuate viatu, niende stendi. Severina akanishika kwapa. Akasema, kaa chini, Mama Hamidi. Kaa.

Anifa akaichukua lebo akaenda nayo uani. Sikumfuata. Nikaweka maji ya chai kwa watu watatu, nikaona nimetoa vikombe vinne.

Jumanne, 30 Agosti

Nyuma ya lebo kulikuwa na namba ya simu ya jirani yake, mwenye duka la intaneti. Anifa kapiga asubuhi. Kaongea na baba yake muda mrefu, mgongo umenigeukia. Mimi nilipopewa simu nilimuuliza kama anakula. Akasema anakula. Nikamwambia aje na baiskeli. Akalia. Nikamwambia asilie, laini itakatika. Ikakatika.

Kasema hawezi kufunga duka mpaka wiki ijayo. Anataka kutuona sasa. Jirani kafungua mahali kwenye mashine yake, tumtumie picha kwa Daraja. Alphonce kaja na kamera, katupiga: mimi, Anifa, na Severina aliyejipenyeza katikati na kofia ya Pasaka. Ile picha ni nzuri ajabu. Nimetabasamu! Kwa bahati mbaya, lakini nimetabasamu. Hakuna nyingine, maana Alphonce ameshaifuta kwenye kamera ili apige harusi.

Anifa kaandaa kila kitu. Kisha kakimbia sokoni kununua mchele, baba yake anapenda pilau. Kaniambia laini ikitulia nibonyeze tu, ila kabandika karatasi juu ya kioo, herufi kubwa: KUSHOTO KWENDA KULIA, BIBI.

Laini imetulia. Nimenawa mikono.

Kushoto kuna faili, jina lake picha. Kulia, kwa yule jirani, kuna faili lake jingine, jina lake picha.

Nimewaza sana. Ni kitu gani kilichomrudisha mwanangu? Si uso wangu, haukufika. Si wa Severina. Ni ule mkono wa kulia! Ningesikiliza kioo siku ile, leo ningekuwa bado Sijaona. Sasa ndiyo nimpe picha yangu ya kwanza, baada ya miaka kumi na miwili, kwa mkono wa kushoto? Sina wazimu.

Nimebandua karatasi. Nimeshika ya kulia. Nimeivuta, taratibu, kwa adabu.

Mashine imeuliza kitu kirefu kwa Kiingereza.

Yes.